Springi ya Fundi Onyango

Mtu akikudhulumu, unajua la kufanya. Unamnunia, unamsema kwa majirani, ukizidiwa unampeleka kwa wazee wa kanisa. Lakini mtu akikutendea wema, tena akautenda vibaya, utamfanya nini? Hebu niambie. Moraa alijiuliza swali hilo siku zote majani yakipukutika, mwaka ule wa elfu mbili na nne, na hakupata wa kumjibu.

Moraa alikuwa Mkisii wa Nyamira, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye kifua kipana na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Alikaa Stechford, Birmingham ya Uingereza, karibu na stesheni, na kazi yake ilikuwa kuangalia wazee katika nyumba moja kule Edgbaston, mtaa wa miti mikubwa na watu wasiosalimiana. Juma zima ni kugeuza, kuosha, kulisha, kubembeleza. Moraa njoo. Moraa shika hapa. Moraa mpendwa, chai yangu imepoa. Ijumaa jua likizama anaweka kila kitu chini, kwa maana alikuwa Msabato, na si Msabato wa mdomo. Jumamosi ni kanisani kutwa. Ikija Jumapili sasa, Wakristo wengine wa Birmingham wakiwa kwenye suti zao, Moraa hana deni na Mungu wala na mwanadamu. Basi Jumapili alikwenda msituni kupiga watu risasi.

Usishtuke. Zilikuwa risasi za plastiki, vigololi vyeupe vidogo kama punje za kunde, na bunduki yenyewe ilikuwa ya mchezo, ya betri. Ukibonyeza kifyatulio, mota inazungusha gia, gia zinavuta pistoni nyuma, springi inairudisha mbele kwa kishindo, na ule upepo wake ndio unaorusha kigololi. Ukipigwa unasikia kama umefinywa, unainua mkono, unatoka ukanywe chai, kisha unarudi kupigwa tena. Wenzake wa kazini ndio waliompeleka mara ya kwanza, kwa utani, wamwone mama mnene akikimbia. Alikimbia kweli. Alilala kwenye matope nyuma ya gogo hadi wamemsahau, akawamaliza wote sita. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtania, na yeye hakuacha kwenda.

Bunduki yake aliinunua kwa nesi mmoja aliyekuwa akihamia Australia. Nyeusi, ndefu, nzito kiasi, sura yake inatisha, lakini ndani ilikuwa imechoka. Kigololi kikitoka kinaanguka hapo hapo, kama mate ya mtoto. Moraa aliibeba kwenye mfuko wa gitaa ili asiwatie watu hofu kwenye treni, na kwa sababu hiyo kiongozi wa kwaya kanisani alikuwa akimuuliza kila mara ni lini atawapigia. Moraa akimjibu, "Bado najifunza, kaka."

Sasa sikiliza penye shida. Mkubwa wa ule uwanja wa msituni alikuwa Kalasinga mmoja, Gurmit, mzaliwa wa Kisumu, aliyeletwa Uingereza akiwa kijana na Kiswahili chake akaja nacho. Gurmit alikuwa na timu yake, na timu hiyo ilialikwa kwenye mchezo mkubwa kule Wales, siku tatu milimani, timu kutoka kila pembe. Nafasi moja ilikuwa imebaki. Gurmit alimwambia Moraa, "Dada, hii nafasi mimi naweka ya wewe. Hakuna mtu anajua kulala kwa matope kama wewe. Lakini bunduki iwe yako mwenyewe, na ipite hapa kwa mashine."

Mashine ilikuwa ile ya mlangoni ya kupimia kasi. Kila bunduki lazima ipigishwe pale kabla ya kuingia, maana kigololi kikienda mbio kupita kiasi kinamtoa mtu jino. Kipimo kilikuwa futi mia tatu ishirini na nane kwa sekunde. Ikizidi, hata kama wewe ni mjomba wa Gurmit, unabaki nje. Ya Moraa wala haikufika mia mbili. Gurmit aliitazama mtutuni akasema ugonjwa si mkubwa: kiraba cha kwenye mtutu kimekwisha, na pete ya pistoni imekauka. Kuna mzungu wa duka la pale pale uwanjani, ataifanya saa moja tu.

Moraa alitoka pale anaimba. Wales! Ungejua alivyoitaka Wales. Siku tatu ambazo hakuna mtu atakayemwita amgeuze. Siku tatu za kuwa mtu ambaye wenzake wanamtegemea kwa jicho lake na utulivu wake, si kwa mikono yake ya kuinua wagonjwa. Aliomba likizo kazini siku iyo hiyo, kabla hata ya kupewa jezi.

Jumatano akawa anapitia kwenye maombi ya jioni na mfuko wake, akitoka hapo aupeleke kwa yule mzungu, anayeishi upande ule ule wa kanisa. Laiti angepitia kwa mzungu kwanza! Mlangoni mwa kanisa akakutana na Fundi Onyango, na Onyango, kwa adabu zake, akamshika mfuko amsaidie.

"Dada Moraa, gitaa gani hili linalia vyuma?"

Akafungua zipu. Akatazama. Uso wake ukang'aa kama mtu aliyeona samaki mbichi.

Lazima nikuambie Onyango alikuwa nani, usije ukamchukia bure. Alikuwa na karakana Nechells, katikati ya maghala, mlango wa chuma wa kuinua. Mchana anatengeneza magari ya watu, na muda uliobaki anatengeneza kila kitu cha kila mshiriki wa kanisa, bila kupokea hata asante ya mfukoni. Ukimpa anakasirika. Moraa alipotua nchi hii mara ya kwanza, mwezi wa Januari, amevaa sweta ya mauamaua, ni Onyango aliyekuwa akimngoja uwanja wa ndege ameshika koti la mkewe. Watu kama hao huwapati wengi. Na huwezi kuwaambia la.

"Unaipeleka wapi hii kitu?" akauliza.

"Kuna mzungu mmoja, Fundi. Ni kakiraba tu kamechoka."

"Mzungu," Onyango akarudia, kama vile Moraa ametukana. "Mimi niko hai. Nimesimama hapa na miguu yangu miwili. Na dada yangu anapelekea mzungu."

"Sikutaka kukusumbua..."

"Nani amesumbuka? Nimesema nimesumbuka? Iache."

Akaiacha. Angefanyaje? Angetia mfuko begani mbele ya washiriki wote, ampite Onyango aende kwa mgeni? Hata mimi ningeiacha.

Ijumaa, jua limeshaanza kuinama, gari la Onyango likasimama Stechford. Moraa alikuwa ametoka kazini, hata viatu hajavua. Onyango akapita moja kwa moja hadi uani, akatega boksi la ndizi kwenye ua wa mbao, akampa bunduki. "Piga."

Moraa akapiga. Paa! Kigololi kikaingia boksi upande huu, kikatoka upande wa pili, kikajichimbia kwenye ubao. Onyango akapiga makofi, akazunguka na kisigino kimoja.

"Kiraba nimebadilisha. Pete nimebadilisha. Halafu nikaona ile springi yako, ai, ni ya watoto! Nikaitoa. Hiyo nimekutilia nimeitoa kwa mashine ya kiwanda kilichofungwa hapa kwetu. Chuma cha zamani, dada! Mjaluo hapeani kitu kinyonge."

 Moraa aliujua mlio wa bunduki iliyozidi, na ule ubao aliuona. Neno kipimo likamfika mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini mtu anacheka mbele yako, ana grisi mpaka kwenye nyusi, ameacha magari ya wateja, na jua la Ijumaa linazama, unamwambiaje kwamba ameharibu? Akasema, "Asante sana, Fundi. Mungu akubariki." Bunduki ikaingia chini ya kitanda kumngoja Mungu apumzike.

Na Jumamosi walikutana kanisani, wakakaa viti viwili mbali, wakala pamoja wali wa ushirika. Lakini hiyo ni Sabato. Huzungumzi springi siku ya Sabato. Tazama basi mkosi wa watu hawa: siku pekee ya juma wanayokaa pamoja kutwa ndiyo siku wasiyoruhusiwa kusemezana mambo ya kazi.

Jumapili mlangoni Gurmit akapigisha bunduki kwenye mashine. Akatazama namba, akaitikisa mashine, akapigisha tena. Mia nne sabini na mbili.

"Dada," akasema polepole, "nani amefanya hii? Hii si mchezo tena. Hii inaua sungura."

"Ni ndugu yangu wa kanisa."

"Mwambie ndugu yako mimi nasalimia. Lakini haiingii."

Yule mzungu wa duka alikuwa amesimama pale pale, kikombe mkononi. Akasema jambo dogo sana: iache hapa, nina springi ya kawaida kwenye droo, chai yako haitapoa kabla sijamaliza. Gurmit akageuka kwa Moraa kwa furaha, amtafsirie hata asichohitaji kutafsiriwa. Moraa akaikumbatia bunduki kifuani.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Fundi wangu akija kuifungua ataona imeingiliwa na mkono mwingine. Atajua nilimwona hawezi."

Gurmit akaizima mashine. "Dada Moraa, heshima ya fundi ndiyo itabeba wewe Wales?"

"Nitamwambia mwenyewe aipunguze. Nipe juma moja."

"Juma moja iko. Jumapili ijayo mimi napeleka majina. Baada ya hapo, basi."

Unaona? Ilikuwa imekwisha pale pale. Chai haitapoa! Moraa mwenyewe alijua ni upumbavu, alijua huku akiufanya, na hiyo ndiyo ilimuuma zaidi. Za kukodi zilikuwa zimekwisha siku hiyo, kwa hiyo akabaki kwenye hema la chai akisikiliza wenzake wakipigana msituni. Alisimama karibu na birika. Na kwa kuwa alisimama karibu na birika, kijana mmoja asiyemjua akamnyooshea kikombe, "Sukari mbili, mpenzi." Halafu mwingine. Halafu mama mmoja akauliza biskuti ziko wapi. Moraa akamimina chai kwa watu kumi na kitu kabla hajagundua anachofanya. Alipogundua alitaka kulibwaga lile birika chini. Hakulibwaga. Alilifunika.

Jioni ile akampigia Onyango, baada ya kupanga maneno yake na kuyapangua.

"Niambie!" Onyango akapaza sauti kabla ya salamu. "Walilia? Walikimbia?"

"Waliogopa kweli, Fundi."

"Ha! Nilijua. Nilimwambia mke wangu, hao wazungu watauliza ni nani huyu fundi."

Hapo ndipo angesema. Sentensi moja tu: imezidi kipimo, wamenikataza kuingia. Lakini alisikia mke wa Onyango akicheka kwa nyuma, amefurahi kwa ajili ya mumewe, na ile sentensi akaiacha. Watu husema Wakisii hasira ziko karibu. Za Moraa zilikuwa karibu sana, tatizo lilikuwa mlango wa kutokea.

"Iko sawa kabisa," akasema. "Ila tu... bega, Fundi. Inanitikisa bega. Unajua kazi yangu ni ya kuinua watu. Sijui kama ungeweza kuituliza kidogo."

"Bega! Pole, dada. Pole sana. Kwa nini hukusema? Lete kesho."

Moraa akaweka simu chini, akajisifu. Ona akili hiyo! Fundi akiambiwa bunduki inatikisa bega, si ataona mwenyewe kwamba springi ni kali, ataitoa, na hakuna aliyeaibika? Kesho yake akaipeleka karakanani, na juma lile alifanya kazi kwa wepesi, hata mzee mmoja akamuuliza kama ameposwa.

Ijumaa Onyango akaja tena, jua likiwa limebakiza kidole kimoja juu ya mapaa. Akaitoa bunduki mfukoni kwa mikono miwili, kama anayetoa mtoto abarikiwe kanisani.

Kwenye kitako alikuwa ameshonea mto. Sifongo nzito, imevishwa ngozi ya kochi rangi ya damu ya mzee, ukingoni misumari midogo ya shaba imepangwa mstari. Kazi safi kabisa, huwezi kuona uzi ulipoanzia.

"Weka begani," akasema Onyango. "Piga sasa uniambie kama unasikia kitu."

Moraa akaweka. Akapiga. Paa! Ua ukalia, ubao ukapata tundu la pili kando ya lile la kwanza. Bega halikusikia chochote.

"Hata sikulala jana," Onyango akasema. "Nimemfikiria mama yangu, bega lilivyomsumbua mpaka akafa. Nikasema, huyu dada hapana."

Sasa wewe mwambie. Jifanye wewe ni Moraa, jua linazama, mtu amemtaja marehemu mamake, umwambie ng'oa huo mto wako, toa hiyo springi yako. Moraa alifungua mdomo. Kilichotoka ni "Asante, Fundi. Umenifaa." Akaingia ndani, akafunga mlango, akaupiga mto wa kitanda ngumi mpaka manyoya yakatoka.

Jumamosi jua lilipozama, Sabato imekwisha, akashika simu tena. Onyango akapokea akiimba wimbo wa kufungia Sabato. "Dada! Bega linaendeleaje?" Moraa akasema linaendelea vizuri, akamtakia usiku mwema. Akaanza kujidanganya: pengine springi imelegea kwa kupigwapigwa, pengine mashine ya Gurmit ilikuwa na kasoro juma lililopita. Mtu akiwa amebanwa, hakosi la kujiliwaza.

Jumapili, mia nne sabini na moja.

Gurmit aliitazama namba. Aliupapasa ule mto wa ngozi kwa kidole gumba, akakohoa.

"Haya," akasema Moraa. Sauti yake ilitoka kavu. "Mwite yule mzungu abadilishe. Abadilishe sasa hivi. Sijali tena."

"Hayuko, dada. Ameenda harusi ya dada yake. Duka imefungwa."

"Wewe huwezi?"

"Mimi najua kupima tu."

Saa nne majina yalipelekwa. Nafasi ikaenda kwa mhasibu mmoja wa Solihull, ambaye Moraa alikuwa amempiga kisogoni mara zisizo na idadi, na ambaye alikuja kumpa pole kwa moyo mweupe, jambo lililomkera zaidi. Gurmit akamwahidi mwakani. Moraa akamwambia mwakani ni mbali, na kwamba ametoka jasho kwa ajili ya mwaka huu. Kisha akamwomba kitu kimoja, amshushe Nechells akienda kula chakula cha mchana. Njia nzima Moraa alikuwa anapanga maneno, ya Kiswahili na ya Kikisii, yale ya Kikisii yakiwa ndiyo mengi.

Onyango alikuwa karakanani, Msabato naye Jumapili ni siku ya kazi. Redio inaimba, birika linachemka kwenye meza iliyojaa bisibisi. Rafu za nyuma yake zimejaa vitu vya watu wa kanisa: televisheni, pasi, cherehani, mashine za kukaangia, feni. Alipomwona akafungua mikono.

"Dada! Ilikuwaje leo? Bega..."

"Achana na bega!" Moraa akaibwaga bunduki mezani, bisibisi zikaruka. "Umeninyang'anya Wales, Onyango! Umeninyang'anya!"

Hakusema Fundi. Hakusema ndugu. Onyango akazima redio.

"Nimefanya nini?"

"Kuna kipimo! Kila bunduki inapimwa mlangoni, ikizidi unarudishwa kama mwizi! Hii yako imezidi nusu nzima! Jumapili mbili nimerudishwa, Onyango, nimewamiminia watu chai kama kijakazi, na leo nafasi yangu imepewa mtu asiyejua hata kujificha nyuma ya mti! Nani alikuomba springi? Nilikuambia kiraba! Kiraba na pete! Mambo ya Mjaluo hapeani kitu kinyonge, nani alikuambia nataka nguvu?"

Alihema.  Onyango alikuwa amesimama pale pale, kitambaa cha grisi mkononi.

"Kipimo," akasema. "Kipimo gani? Mimi sijaambiwa kipimo."

"Kipo! Kimekuwapo siku zote!"

"Na Jumapili ya kwanza ulirudishwa."

"Nilirudishwa."

"Jioni ukanipigia simu." Onyango alikuwa akiyavuta maneno moja moja. "Ukaniambia waliogopa. Ukaniambia ni bega."

Moraa aliugusa ule mto wa ngozi.

"Bega linauma?"

"Haliumi."

"Limewahi kuuma?"

"Halijawahi, Fundi."

Onyango akavuta kiti, akakaa, akachukua bisibisi. Hakupandisha sauti. Alifungua kitako, akaichomoa ile gia yote na boksi lake, akafungua skrubu, springi ya kiwanda ikaruka ikagonga ukuta. Akanyoosha mkono kwenye mkebe wa maziwa uliokuwa mezani, akatoa springi nyingine, nyembamba, yenye mafuta. Ilikuwa ile ya Moraa, ya watoto. Akaitia, akafunga, akaunga betri, akapiga kwenye boksi pale pembeni. Kigololi kikatoboa upande mmoja, kikabaki ndani kikicheza. Kiraba kizima, pete nzima, kila kitu sawasawa. Birika lilikuwa halijamaliza kuchemka.

"Hivi ndivyo ulivyotaka," akasema.

"Ndivyo."

"Hivi ingekuwa Ijumaa ile ya kwanza, kama ungenyoosha kidole ukaniambia, Onyango, hiyo springi toa."

"Ndiyo." Machozi yalikuwa yakimtoka Moraa sasa, na hakujua anamlilia nani. "Wewe ulikuwa umefurahi."

Onyango aliisukuma bunduki kwake. Kisha akabaki ameishika ncha ya mtutu, hakuiachilia, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Ile mashine yako ya kufua," akasema. "Niliyotengeneza mwaka jana. Inafanya kazi?"

Moraa akapangusa uso. Angeweza kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari umeshajiweka sawa.

"Inavuja," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka siku ile. Inajaza maji jikoni. Nafulia kwenye beseni."

"Beseni." Onyango akatikisa kichwa. "Na Pasta? Nilimfanyia hita ya gari."

Moraa alimfikiria Pasta, alivyokuwa akishuka garini kila Sabato asubuhi na glavu mbili mbili, kofia ya sufu mpaka machoni.

"Pasta anaendesha amejifunika blanketi, Fundi."

"Na kila Sabato ananishika mkono! Anaomba Mungu abariki kazi ya mikono yangu, mbele ya watu!" Onyango alikuwa amesimama. Aligeuka akazitazama rafu zake, zile pasi na feni na cherehani, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. "Hii yote. Hii yote ni kazi yangu imerudi? Ni vitu vipya, au ni vile vile nimeshavitengeneza?"

Moraa alitazama. Ile televisheni ya pembeni aliijua. Ilikuwa ya mama mmoja wa kwaya, na ilikuwa imeletwa hapa mara tatu.

"Miaka yote!" Onyango akafoka, na kitambaa cha grisi akakitupa chini. "Miaka yote hii mnaniambia asante!"

Moraa akataka kusema pole. Neno lilimjia upesi, laini, kama yalivyomjia yale mengine yote. Akalimeza, akanyoosha kidole kwenye rafu, akaanza kumwonyesha vile vilivyorudi, kimoja baada ya kingine.